Turbo imegoma Mombasa: ya kujua kabla hujaagiza spea

Wewe uliyeingia juzi kwenye hanga, siku yako itafika. Itasukumwa ndani ndege ndogo, Cessna T210 ya mwaka 1978, mwenyewe amewaahidi wageni wake kuwapeleka Maasai Mara siku ya Ijumaa, turbo yake, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuishindilia injini hewa, imegoma, injini inapanda nusu nusu, na watu wote wanakuangalia wewe. Kiwanda kiliacha kuunda 210 mwaka 1986. Spea zake bado zinapatikana, ila si za kwenda dukani asubuhi ukarudi nazo mchana.

Kabla hujamwandikia muuzaji yeyote, hakikisha kitu kimekufa kweli. Turbo nyingi zilizofunguliwa hapa pwani kwa tuhuma za kuchoka zilikuwa nzima; hewa ilikuwa ikivuja njiani. Chukua mashine ya kufyonza vumbi, igeuze ipulize, ielekeze kwanza kwenye njia ya hewa ya kuingia, halafu kwenye bomba la ekzosi. Paka maji ya sabuni kila penye kiungo, kila penye mpira na klampu, kisha tulia uangalie. Povu litachipuka lenyewe. Mara moja nimeona povu likitoka kwenye ufa mwembamba kama unywele chini ya mpira ambao fundi mwenzangu alikuwa ameufuta kwa kitambaa asubuhi hiyo hiyo.

Moshi wa buluu wakati wa kuwasha nao huwapoteza vijana. Wanasema sili za turbo, zile za kuzuia oili isipenye, zimekwisha. Mara nyingine kosa ni kile kivali kidogo cha kuzuia oili kinachokaa kwenye njia ya oili ya kuingilia turbo: kikilegea, oili inashuka ndani ya turbo usiku kucha ndege ikiwa imelala, na asubuhi inaungua. Kivali ni kitu cha kiganja, turbo ni mshahara wa miezi.

Na westigeti, ile vali inayoamua moshi wa ekzosi upite kwenye turbo au utoke pembeni, hukwama. Ndege ikikaa mwezi mzima hapa bila kuruka, na chumvi hii ya kusi, kipepeo cha vali kinashika. Kikishika wazi, turbo haizunguki vya kutosha. Kikishika kikiwa kimefunga, injini inashindiliwa hewa kupita kiasi, na hiyo ni hatari zaidi. Kuna mafuta ya kupenyeza yaitwayo Mouse Milk, si maziwa wala hayahusiani na panya. Tia injini ikiwa baridi, ngoja, chezesha mkono wa vali polepole. Ikikubali, umeokoa wiki sita.

Haya, tuseme kimekufa. Sasa namba. Hapa ndipo nilipochomwa mimi, kwa hiyo nisikilize.

Jina la ndege halitoshi kuagizia spea. T210 za kuanzia muundo wa 1977 zina injini ya Continental TSIO-520-R, na zile za kabla yake kidogo zina TSIO-520-H. Herufi moja tu ya mwisho, lakini si injini ile ile. Kitabu cha vipuri chenyewe kimegawanywa kwa namba za siriali za ndege: kuanzia hii hadi hii tumia kipuri hiki, kuanzia ile tumia kingine. Mimi nilisoma kitabu vizuri sana, nikaagiza kontrola ya turbo, kifaa kinachoiamuru westigeti, ikaja baada ya wiki tano. Matundu ya oili yalitazama upande mwingine. Kumbe miaka mingi nyuma mtu aliifanyia ndege ile marekebisho, akaandika kwenye logibuku, daftari la kazi zote zilizofanyiwa ndege, mistari miwili ya mwandiko wa daktari. Kibati cha namba kilichobandikwa kwenye kontrola ya zamani kilikuwa kinasema ukweli muda wote. Sikukifuta grisi nikakisoma. Muuzaji alikataa kuirudisha, na alikuwa na haki yake.

Kwa hiyo: kibati kwanza, logibuku pili, kitabu tatu. Vitatu vikubaliane. Piga picha ya kibati, ya kipuri chenyewe kila upande, na ya mahali kinapofungwa, umtumie muuzaji zote. Usishangae kibati kikisema Garrett AiResearch na ankara ikisema jina jingine. Biashara hiyo imepita mikononi mwa watu. Turbo nyingi za aina hiyo leo zinatunzwa na Hartzell Engine Technologies, na namba za zamani zimepewa namba mpya. Mwombe muuzaji akuoneshe kwa maandishi kwamba mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani.

Karatasi ndiyo inayotofautisha kipuri na chuma chakavu. Kutoka Marekani utatafuta FAA 8130-3, hati ya kipuri ya mamlaka ya anga ya huko (FAA), kutoka Ulaya EASA Form 1, ya mamlaka yao. Kwenye 8130-3 nenda kisanduku cha 11. Kimoja kitasema kipuri kimefanyiwa ukarabati kamili, kingine kitasema kimekaguliwa tu. Bei zake hazifanani, na maisha yao hayafanani. Kipuri kilichong'olewa kwenye ndege iliyokatwakatwa kinaweza kuwa kizuri, lakini bila historia utamwelezaje mkaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya?

Kuna kijana aliwahi kuniletea klampu ya V kutoka duka la spea za malori, Mwembe Tayari. Kwa macho, pacha. Nilimwambia aiweke mezani tukae chini. Klampu ile ndiyo inayoshika bomba la ekzosi kwenye turbo. Zile zilizoungwa kwa nukta za weldingi hupasuka kwenye nukta, bomba linachomoka, na moto wa ekzosi unaingia kwenye chumba cha injini. Ndiyo maana FAA ilitoa agizo mwaka 2023 la kuziwekea ukomo wa saa 500. Klampu ya lori haijui hizo saa, na logibuku haitaipokea.

Mahali pa kuulizia: anza uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa simu. Mahanga ya kule yana vitu vilivyosahaulika rafuni. Halafu vyama vya wenye ndege za aina hiyo, halafu makarakana ya ukarabati. Ukiweza, peleka turbo yako mwenyewe ikakarabatiwe badala ya kubadilishana; ya kubadilishana ni haraka, lakini utawekewa amana mpaka ile yako ya zamani ifike kwao, na wakiifungua wakakuta ganda lake la chuma limepasuka, amana imekwenda. Pampu ya mafuta ya injini ikirudishwa ikinuka avgas, petroli ya ndege, kampuni ya mizigo itaikataa. Ikaushe, izibe.

Kwa forodha usimwachie mtu wa klaringi abahatishe. Vipuri vya bodi ya ndege viko chini ya namba ya ushuru 8807, vya injini 8409, turbo yenyewe huhesabiwa kompresa, 8414. Boksi lenye vitu vya aina tatu na maelezo ya "spea" tu litalala.

Likifika, lifungue mbele ya aliyelileta. Linganisha namba na picha zako, soma kisanduku cha 11, kisha vizibo vya plastiki kwenye matundu ya oili viache mahali pake mpaka saa ya kufunga. Joto letu na chumvi haviingojei Ijumaa ya mtu.

Ile kontrola yangu ipo rafu ya juu, kushoto, ndani ya boksi lake. Ukija, ishushe uiweke kando ya ile ya ndege, uniambie unaona tofauti gani kabla ya kugeuza vibati.