Iliki ni aina, mbegu ni sehemu

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini mwanao alikosa alipoandika kuwa iliki ni sehemu ya kiungo, kama mbegu ilivyo sehemu ya iliki. Iliki ni aina ya kiungo. Sehemu zake ni ganda na mbegu. Ukiandaa mahamri, mpe iliki nzima aipasue mwenyewe: ganda la kijani, ndani vijumba vitatu vyenye mbegu nyeusi zinazonukia. Aseme, "Iliki ina mbegu." Sawa. "Kiungo kina iliki"? Haikai. "Iliki ni kiungo" inakaa.

Karafuu ndiyo ngumu zaidi: ni tumba la ua, hivyo ni sehemu ya mkarafuu, na papo hapo ni aina ya kiungo. Kwanza atazame imelinganishwa na nini.