Skuta kulala Juni mpaka Septemba: usimwachie mlinzi ufunguo

Usimwachie mlinzi ufunguo. Umeuliza kuhusu turubai, betri, tairi na bima, sawa, lakini pale uliposema skuta yako ya cc 125 itakaa kwenye beismenti ya ploti huko Roysambu, Nairobi, hadi urudi Septemba, na kwamba mlinzi "ataipasha moto dakika tano kila Jumapili", hapo nimeshindwa kunyamaza. Ushauri huo huo nilipewa na fundi mmoja, ukanila kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), betri na ekzosi kwa mpigo. Na alinipa bure. Bure aghali.

Sikiliza dakika tano zinafanya nini. Injini ikiwa baridi, choki ya otomatiki bado inaongeza petroli. Sehemu ya petroli hiyo haiungui. Inateremka ukutani mwa silinda, inaosha oili na kuishia chini kwenye oili yenyewe. Halafu kuna maji: kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita nzima ya maji kama mvuke. Ukiendesha kutoka Thika Road mpaka mjini, joto linayafukuza yote. Kwa dakika tano za asubuhi ya Julai, ekzosi haijapata hata joto la kukausha soksi, kwa hiyo maji yanabaki ndani na kuila kwa kutu kutoka tumboni. Chomoa kijiti cha oili baada ya wiki kadhaa za mchezo huo utakuta povu la rangi ya chai ya maziwa. Betri nayo haichajiwi kitu cha maana: stata inanyonya umeme mwingi kwa mkupuo, kisha injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila eksileta, inarudisha kidogo sana. Kila Jumapili betri inashuka ngazi moja. Tena beismenti haina upepo, moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na bado sijamwona mlinzi anayewasha skuta ya mtu asipige resi kidogo.

Ila hasara kubwa iko kwenye kabureta. Petroli iliyobaki kwenye bakuli lake huanza kupoteza sehemu nyepesi. Kinachosalia ni utomvu wa kahawia unaonata. Ndani kuna jeti, vijipande vyenye tundu la kupitishia petroli; tundu la jeti ndogo, ile ya sailensa, halifiki hata nusu milimita. Utomvu kidogo tu unaliziba. Ukirudi skuta itawaka kwa shida, itazima ukiachia eksileta, na utapelekwa kwa fundi. Na fundi, Mungu amsamehe, atachukua waya na kuchokoa. Jeti ni ya shaba ya manjano, laini. Waya unapanua tundu, na tangu siku hiyo skuta inakunywa petroli na kutema moshi mweusi. Kisha atakutazama kwa huruma akuambie "hii kabureta imekufa, boss". Imekufa nani kaiua? Jeti iliyoziba hutolewa, hulowekwa kwenye dawa ya kusafisha kabureta na kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Ikishindikana unabadilisha jeti peke yake, si kabureta nzima.

Kwa hiyo sheria ni moja: skuta inayolala, kabureta iwe kavu na injini isiguswe. Chini ya bakuli kuna skrubu na kimrija kidogo. Zima injini, iache ipoe, weka kopo chini ya kimrija, tumia bisibisi inayoingia sawasawa (skrubu hiyo huvulika kichwa upesi) na uilegeze mizunguko miwili, usiitoe yote. Itatoka petroli kidogo, isiyojaa hata kikombe cha kahawa, kisha itakoma. Chunguza kopo: matone yanayotambaa chini ni maji. Petroli isipokoma, huenda vali ya vakyumu, ile inayofunga petroli ya tenki injini ikizima, imeharibika. Irekebishwe kabla hujasafiri, la sivyo tenki litamwagikia sakafuni au, vibaya zaidi, kwenye injini. Usijidanganye kwamba kuiwasha hadi ijizime kunatosha. Inazima bakuli likiwa bado na mabaki, na mabaki ndiyo yanayogeuka utomvu. Hapo hapo usivute sigara, na jiko la jirani liwe mbali.

Tenki lenyewe ni kinyume: lijaze, uache nafasi ya vidole viwili, maana tenki tupu la chuma hukusanya unyevu na kushika kutu. Ukipata dawa ya kuhifadhi petroli, itie na uendeshe kama robo saa ndipo umwage bakuli. Kama skuta yako ni ya injekta, ile inayopulizia injini petroli bila kabureta, huna bakuli la kumwaga. Jaza tenki, tia dawa, basi.

Badilisha oili kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na maji. Skuta nyingi za Kichina za 125 huchukua takriban lita 0.8. Betri ifungue, hasi kwanza, uipeleke ndani kwa mtu unayemwamini. Ikiwa nzima, imejaa chaji na imepumzika, husoma volti 12.7 hivi, ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe. Kwa betri ya 7Ah (ampea-saa saba) chaja isizidi ampea moja. Chaja kubwa ya gari itaichemsha.

Turubai la nailoni sahau, linafungia unyevu. Shuka kuukuu la pamba linatosha kwa kuwa uko chini ya paa. Simamisha kwa stendi kubwa, na uzibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chekundu, panya wasiingie.

Ukirudi, rudisha betri chanya kwanza, na upige kiki mara kadhaa bakuli lijae kabla ya kugusa stata. Isipowaka kabisa, angalia kama umetoa kile kitambaa.