Kabla hujaamini grafu ya ruta, iulize imewaka tangu lini

Ninatunza mtandao wa majengo kadhaa hapa Bukavu, mengine Ibanda, mengine Kadutu, yote yameunganishwa kwa antena. Ruta naziuliza kwa skripti ya PHP kupitia itifaki ya SNMP, yaani lugha ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao. Kwa anayeanza kazi hii, ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiombe hesabu ya baiti peke yake. Katika ombi hilohilo, uliza pia ruta imewaka kwa muda gani.

Katika SNMP kila kipimo kina anwani yake ya namba. Ya muda huo ni 1.3.6.1.2.1.1.3.0, na jibu huja kwa sehemu za mia za sekunde, yaani 360000 ni saa moja. Weka kwanza snmp_set_valueretrieval(SNMP_VALUE_PLAIN) upate namba tupu, la sivyo utaletewa "Timeticks:" na maneno mengine mbele yake.

Kasi ya mtandao tunaipata kwa kutoa hesabu ya awali kutoka hesabu ya sasa. Sasa umeme ukatike Kadutu, urudi baada ya robo saa: kaunta, yaani hesabu ya baiti ndani ya ruta, imeanza tena sifuri. Skripti itadhani kaunta ilijaa, yaani ilifika namba yake ya mwisho ikarudi sifuri yenyewe, na grafu itachora mlima ambao haukuwepo. Mkubwa wako ataomba laini kubwa zaidi kwa sababu ya mlima huo! Basi muda wa kuwaka ukiwa mdogo kuliko wa mara iliyopita, tupa kipimo hicho.

Kujaa kwenyewe kupo kweli. Kaunta ya biti 32 kwenye laini ya gigabiti 1 inayotumika yote hujaa kwa sekunde 34 hivi. Tumia ya biti 64, 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6, ukiongeza mwishoni namba ya kiolesura (tundu la ruta unalolipima). Amri ya PHP snmpget haitaileta, maana inatumia toleo la 1 la SNMP, lisilobeba kaunta za biti 64; ita snmp2_get.

Ruta isipojibu, unarudishiwa false, na PHP ikiifanyia hesabu inaigeuza sifuri. Linganisha jibu na false kwa === kabla ya kuhifadhi chochote. Muda wa kusubiri nao huandikwa kwa mikrosekunde: anayeandika 5 akidhani ni sekunde hatapata jibu kamwe. Kwa antena zetu wakati wa mvua naweka 2000000, na kurudia mara 2.

Neno "public", nenosiri la SNMP ambalo ruta nyingi huja nalo, libadilishe leo. Matoleo ya 1 na 2c hulipitisha wazi, kwa hiyo mlango wa UDP 161, ambao ruta hupokelea maombi haya, ufungulie seva yako tu.