Nimeacha Pombe, Mbona Hamna Kinachonifurahisha?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi kijana wa miaka 24 niko Mwanza, nilikuwa nakunywa kila siku mpaka nikalazwa, saivi huu mwezi wa pili sijagusa. Shida yangu mshahara ukiingia naona kawaida tu, Simba akishinda kama hainihusu, ila nikipita ile baa yetu nikisikia chupa zinagongana moyo unaenda mbio balaa. Nimeharibika akili au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujaharibika. Mwaka 2007 kuna watafiti Berlin waliwaingiza kwenye mashine ya MRI (inayopiga picha za ubongo) wanaume walioacha pombe, wakawachezesha gemu ya kushinda hela, na ile sehemu ya ndani ya ubongo inayochangamkaga mtu akitegemea kupata kitu ikawa imepoa kuliko kwa watu wasio na shida ya pombe, afu wakaonyeshwa picha za pombe, hapo ikawaka! Na wenye hamu kali zaidi ndo hela iliwagusa kidogo zaidi. Yaani mshahara wako na chupa zako kabisa (ingawa wale walikuwa watu wazima kuliko wewe).

Inakuwaje? Pombe inamwaga dopamini nyingi (kemikali ya ubongo inayohusika na kutamani na raha), ukinywa kila siku ubongo unapunguza vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea, ili usizidiwe, sasa pombe ikiondoka vitu vya kawaida vinagonga mlango hamna wa kufungua. Ila mlio wa chupa ubongo uliushika zamani kwamba raha inakuja, ndo maana unashtuka kabla hujawaza. Na kwa umri wako sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia, bado inamalizia kukomaa, kwa hiyo wanaokwambia "si ukaze tu" mi huwa wananiboa.

Inarudi, lakini taratibu, hesabu miezi. Badilisha njia usipite hapo. Mpira nenda kacheze hata kama hujisikii, raha itakuja nyuma. Kubeti usiguse, maana wengi wakiacha chupa wanahamia kwenye mkeka na ni mlango uleule. Muulize daktari kuhusu dawa inaitwa naltrexone, inapunguza hamu ya pombe, ila mwambie kama ini lina shida au unatumia dawa kali za maumivu. Na ukianza kuona bora usingekuwepo, hiyo sasa inaweza kuwa sonona (ugonjwa wa huzuni kali), nenda hospitali siku hiyohiyo usisubiri kliniki.