Video ya kupamba iediti nyumbani: kwa dada anayeanza

Kila harusi ikiisha hapa Lamu swali ni lile lile, nani atatutengenezea video ya kupamba? Ya nikahi haina shida, pale ni wanaume msikitini na mtu yeyote anaweza kuishika, lakini usiku wa kupamba wanawake wako nywele wazi, wamevaa walivyotaka, vugo, ile ngoma ya wanawake ya pembe, linapigwa, bibi arusi amekaa juu anatazamwa, na video kama hiyo hapewi kijana wa dukani akae nayo wiki nzima kwenye kompyuta yake hata akiwa mtu mwema vipi. Mimi naziediti za nyumbani kwetu na za majirani wa Langoni wakiniomba, na nasema kwa moyo wote kwamba kila nyumba inafaa iwe na msichana mmoja anayejua kazi hii. Si ngumu, na laptopu uliyosomea chuo pengine inatosha.

Anza na programu. Chukua ile inayofanya kazi bila intaneti, yaani unaidownlodi mara moja, unazima waifai, na kuanzia hapo kila kitu kinabaki ndani ya mashine yako. Shotcut na Kdenlive zote ni za bure kabisa, hazikutaki ufungue akaunti na hazikuwekei alama yao kwenye kona ya video. Mie nashauri Shotcut kwa anayeanza. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure na ni nzuri mno, lakini inataka mashine yenye nguvu, RAM ya 16GB na kadi nzuri ya picha, ukiwa na 8GB itakuchosha tu, iache kwa sasa. Windows Movie Maker ya zamani usiitafute, Microsoft waliiacha 2017 na ukiisaka mtandaoni unaweza kuangukia za bandia zenye virusi. Na zile tovuti zinazokwambia pandisha faili zako hapa tukueditie, kwa video ya wanawake hapana, hata iwe bure, hata iwe rahisi namna gani, manake ikishapanda huijui tena iko kwenye kompyuta ya nani.

Kabla ya kufungua programu kusanya vitu vyako. Tengeneza folda moja ya harusi, ndani yake weka video zote kutoka simu zote, na uzitoe kwa waya, sio kwa kutumiana WhatsApp kama video za kawaida kwa sababu WhatsApp inazibana na picha inafifia. Halafu folda hiyo usiihamishe wala usibadilishe majina ya faili ukishaanza. Ile faili ya projekti unayosevu haina video ndani yake, ina kumbukumbu tu ya wapi umekata na video ziko wapi, kwa hivyo ukizihamisha programu itakwambia haizioni na utadhani kazi imepotea. Angalia na nafasi pia: iPhone ikirekodi 4K, ile picha kubwa sana, kwa fremu 30 kila sekunde (fremu ni picha moja moja zinazofuatana) inakula karibu 170MB kila dakika, na ukiiweka kwenye H.264, mtindo wa kubana video unaosomeka na vifaa vingi, inafika 350MB, wakati 1080p, yaani Full HD, ya fremu 30 inaanzia kama 60MB tu. Kwa tivii ya nyumbani 1080p inatosha sana, waambie wanaorekodi waiweke hapo mapema. Na kama simu inakubali kuchagua fremu 25 chagua hizo, stima yetu ni ya 50Hz na taa nyingi za ukumbini zikirekodiwa kwa 30 zinaweza kucheza cheza kwenye picha.

Laptopu ikikwama kwama ukicheza video, washa proksi kwenye setingi. Programu itatengeneza nakala ndogo nyepesi ya kila klipu, wewe unaediti kwa hizo, na mwisho yenyewe inarudi kwenye zile kubwa. Shotcut pia ikikwambia klipu ya simu ina fremu zisizo sawa na inataka kuibadilisha, kubali, ingawa inachukua muda na nafasi, kwa sababu fremu za simu huongezeka na kupungua zenyewe na usipozisawazisha unaweza kukuta sauti inaachana na midomo kidogo kidogo mpaka mwisho wa wimbo mtu anaimba huku mdomo umeshafungwa.

Sasa kukata. Ni kama kuchambua mchele, unatoa mawe kwanza. Tazama zote bila kugusa, kisha ziweke kwenye taimulaini, ule mstari wa chini unapopangia klipu, kwa mpangilio wa usiku ulivyokwenda, simamisha pale pabaya, kwenye Shotcut bonyeza S kugawa, chagua kile kipande kibaya, bonyeza X kinatoka na nafasi inajifunga yenyewe. Kwa hizo herufi mbili umeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Toa simu iliyotazama sakafu, toa mtu aliyepita mbele, na ukiwa na klipu tatu za kitu kimoja weka moja iliyo bora. Stima hukatika bila taarifa hivyo vidole vizoee Ctrl na S kwa pamoja, ya kusevu, kila baada ya muda mfupi.

Sauti ndo roho ya kupamba na ndo watu wengi wanaipuuza. Ukikata picha na sauti pamoja kila mara, wimbo unakatika katika na nyanya zetu wanaotaka kusikia vugo hawatakaa watazame. Chagua simu moja iliyorekodi wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, ilaze sauti yake chini yote bila kuikata, halafu juu yake badilisha picha za simu nyengine huku sauti zao umezizima. Kuzilinganisha ni rahisi kwetu sisi, pembe za vugo zikipigwa zinatoa vilele vikali kwenye ule mchoro wa sauti, unasogeza klipu mpaka kilele kikae juu ya kilele na pigo lilingane na mkono unaopiga. Mvumo wa feni na upepo wa kusi punguza kwa filta ya kukata sauti nzito, karibu 80 hadi 100Hz, usipandishe sana ukala na ngoma yenyewe. Sauti iliyopasuka kwa sababu simu ilikaa mbele ya spika huwezi kuirudisha vizuri, kwa hivyo simu ya sauti ikae mbali, katikati ya akina mama wanaoimba ni pazuri zaidi. Mapambo ya maua yanayozunguka na maandishi yanayoruka, weka machache au usiweke.

Jambo la idhini usilifanyie haraka. Uliza kabla, nani hataki kuonekana, na asiyetaka unamkata, usimfunike na ukungu ukadhani imetosha, watu wa mji mmoja wanajuana kwa mkono na kwa mwendo.

Ukimaliza toa MP4 ya H.264, 1080p, tivii nyingi zitaisoma. Flashi ikikataa faili inayozidi 4GB ujue iko kwenye FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka faili, iformati kuwa exFAT kama tivii yao inaikubali, au igawe video mara mbili. Wapelekee kwa mkono. YouTube hata ukiificha kwenye orodha, mwenye linki yeyote anafungua.

Na zile simu zilizorekodi: kabla ya sherehe zima bakapu ya Google Photos, kwa sababu ikiwa imewashwa video inapanda yenyewe wakati nyinyi bado mnacheza. Mkishahakikisha flashi mbili zinacheza mpaka mwisho, moja kwa mama wa bibi arusi na moja kwa bibi arusi mwenyewe, futeni kwenye simu, futeni na kwenye takataka za galari pia manake Google Photos inaweza kuziweka humo hadi siku 60, kisha kwenye laptopu yako toa ile folda na umwage Recycle Bin.