Waya kwanza, feni baadaye: kuhamishia lori kwenye feni za umeme

"Fundi, nimetoa feni ya klachi (ile inayozungushwa na injini) nikafunga mbili za umeme. Barabarani lori liko sawa, likikaa foleni dakika 10 linachemsha. Nimeuziwa feni feki?"

Ujumbe umekuja na picha 3, na picha zimeshajibu. Feni si feki. Picha ya kwanza inaonyesha feni za inchi 14 zimebandikwa kwenye rejeta kwa zile pini za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi, bila kava lolote. Ya pili ni waya mmoja mwekundu, mwembamba, wa milimita za mraba 1.5, unaolisha feni zote mbili kupitia rilei moja (swichi inayowashwa na umeme mdogo wa koili yake) ya ampea 30. Fyuzi haionekani popote. Ya tatu ni soketi ya hiyo rilei: plastiki imelainika na kugeuka kahawia kuzunguka mguu wa 87, ule unaopeleka umeme kwenye feni. Lori hili lilikuwa linaelekea kuungua, kuchemsha ilikuwa salamu tu.

Nimelisema hili mpaka mate yamekauka: kufunga feni ya umeme ni kazi ya umeme kabla haijawa kazi ya kupoza. Wengi wanatumia siku nzima kuchagua feni na nusu saa kuvuta waya. Igeuze.

Kabla hujashika spana, jiulize lori lako ni la aina gani. Pikapu na lori jepesi la volti 12, sawa, kazi inawezekana. Lori zito la mzigo ni habari nyingine. Feni yake ya injini ikishika kikamilifu inaweza kula kilowati 20 au zaidi. Piga hesabu: wati 20,000 gawanya kwa volti 28 (chaji ya mfumo wa volti 24) ni zaidi ya ampea 700, wakati alteneta ya lori kama hilo kwa kawaida hutoa ampea 80 hadi 150. Hakuna feni ya duka itakayofidia pengo hilo mlimani ukiwa na shehena. Huko tengeneza klachi ya feni uliyonayo, uiache ifanye kazi yake.

Na kama lori lilikuwa linachemsha hata na feni ya zamani ikiwa nzima, usitegemee feni mpya ikuponye. Angalia kwanza rejeta iliyoziba, thamostati iliyokwama (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji), mfuniko wa rejeta uliolegea springi, na mapovu yanayopanda shingoni mwa rejeta injini ikinguruma, kwa sababu hayo mara nyingi ni gasketi ya kichwa cha silinda. Klachi ya feni nayo ipime: ukiona mchirizi wa mafuta kwenye kitovu chake, mafuta ya silikoni ya ndani yake yamevuja. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kama gurudumu la baiskeli, klachi imekufa, na pengine hiyo ndiyo shida yako yote.

Turudi kwa msomaji wetu. Kwa nini barabarani liko sawa? Kwa sababu lori likikimbia upepo unaingia wenyewe, feni ni mapambo. Likisimama, hewa yote inategemea feni. Chukua rejeta ya sentimita 75 kwa 50, yaani eneo la sentimita za mraba 3,750. Feni mbili za inchi 14 zinafunika takribani 1,990, na ukitoa vitovu vya katikati umebaki chini ya nusu. Feni iliyobandikwa kwenye mapezi bila kava inavuta hewa pale tu mapanga yanapopita. Nusu nyingine ya rejeta imekaa na maji ya moto bila kazi.

Kava ndilo dawa. Likate kwa bati la aluminiamu la milimita 1.5 hadi 2, lifunike uso wote wa rejeta, na liache nafasi ya angalau milimita 25 kati ya mapezi na feni ili hewa ikusanyike kutoka pembeni. Ukingo wote uzibe kwa mpira wa sponji, maana hewa ni mvivu: ikiona upenyo wa pembeni haitapita kwenye rejeta. Kwa lori linalokimbia sana, toboa madirisha kwenye kava na uyawekee vilimi vya mpira upande wa injini. Mwendo ukiwa mkubwa upepo unavifungua, ukisimama feni inavivuta vinajifunga. Kava lishikwe na vyuma vinavyofungwa kwenye fremu ya rejeta, siyo kwenye mapezi. Zile pini za plastiki zinatikisika maili kwa maili, zinasugua mirija, na siku moja utaona kulanti (maji ya rejeta) inadondoka tone kwa tone katikati ya rejeta ambayo haikuwa na kosa.

Nyuma ya feni acha milimita 25 nyingine mpaka kwenye kitovu cha pampu ya maji. Injini inacheza kwenye mpira wake, hasa ukikanyaga mafuta ghafla au ukiingia shimoni.

Kuhusu kutoa feni ya zamani kuna mtego mmoja. Kwenye injini nyingi, bolti 4 za feni ndizo hizo hizo zinazoshika puli ya pampu. Ukitoa feni ukazirudisha zilezile, zinakuwa ndefu mno: zinagota ndani ya kitovu kabla hazijaibana puli. Unahisi zimekaza, kumbe puli inacheza. Tafuta bolti fupi za uzi uleule, zipungue urefu kwa kiasi cha unene wa kile ulichokitoa. Mkanda unabaki, pampu bado inauhitaji. Kama feni yako inashikwa na nati moja kubwa kwenye shafti, thibitisha kwanza uzi wake unafunguka upande gani, maana si injini zote zinafanana na kulazimisha kunavunja pampu.

Sasa waya, ambako ndiko kazi iliko.

Feni ya inchi 14 yenye nguvu inakula takribani ampea 20, na wakati wa kuanza kuzunguka inanyonya mara 2 hadi 3 ya hapo kwa muda mfupi. Mbili ni ampea 40. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 4 unapoteza karibu volti 1.9 kwa mzigo huo. Alteneta inatoa 13.8, feni inapata chini ya 12, inazunguka kwa uchovu, na zile volti zilizopotea zimegeuka joto ndani ya waya wako. Vuta waya wa milimita za mraba 6 kwa kila feni peke yake: kwa ampea 20 na mita zilezile 4, upotevu unashuka hadi karibu volti 0.23. Waya wa erthi uwe na unene uleule, uende kwenye hasi ya betri au kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae.

Kila feni iwe na rilei yake ya ampea 40 na fyuzi yake ya ampea 30. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Ukiiweka karibu na feni, waya wote wa nyuma yake hauna mlinzi. Mguu wa 30 unatoka kwenye fyuzi, 87 unaenda kwenye feni, 86 unapata umeme wa swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ndogo, na 85 unashushwa erthi na swichi ya joto. Feni isilishwe kamwe kutoka kwenye waya wa swichi ya ufunguo. Ukizima, mapanga yanaendelea kuzunguka kidogo na mota inageuka jenereta. Umeme huo ukirudi kwenye saketi ya ufunguo, injini inaweza kugoma kuzima, na utahangaika na swichi isiyo na hatia.

Swichi ya joto ichaguliwe kwa kufuata thamostati. Thamostati ya nyuzi 82 huanza kufunguka hapo na huwa wazi kabisa karibu na 95. Kwa swichi iliyo upande wa injini, feni ya kwanza iwake kwenye 95 na kuzima kwenye 88 au 90, ya pili iwake nyuzi 4 au 5 juu zaidi. Ukiweka swichi inayozima kwenye 80, feni hazitazima milele, kwa sababu thamostati haitaruhusu injini ishuke hapo. Kuziwasha kwa kupishana pia kunaipunguzia alteneta ule mshtuko wa kuanza.

Swichi ya joto ya waya mmoja inapata erthi kupitia mwili wake. Ukiizungushia tepu nyeupe ya bomba raundi 6, umeikatia erthi kwa mkono wako. Ukiifunga kwenye kipande cha aluminiamu kilichochomekwa katikati ya hozi ya mpira, haina erthi kabisa mpaka ukivutie waya. Na ukimaliza, toa hewa yote kwenye mfumo, maana swichi iliyozungukwa na povu haisomi chochote wakati kichwa cha silinda kinaungua.

Alteneta ya ampea 65 inatoa hizo 65 injini ikiwa na kasi. Lori likinguruma bila mwendo inaweza kutoa nusu tu. Feni mbili ampea 40, taa kubwa 9, AC na waipa juu yake, na betri inaanza kuchangia. Usiku wa mvua kwenye foleni ndio utakaokuonyesha. Ongeza alteneta kabla hujaongeza feni. Kama lori lina AC, kompresa ikishika lazima angalau feni moja iwake hata injini ikiwa baridi. Waya wa AC uwashe rilei ndogo ya pembeni inayoshusha 85 erthi, usichanganywe moja kwa moja na waya wa swichi ya joto.

Kwa volti 24, usilishe feni ya volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inachoka, mwenzake anachajiwa kupita kiasi. Nunua feni za volti 24, na rilei ziwe za koili ya 24.

Weka pia swichi ya dereva ya kuzima feni, kwenye waya wa koili tu. Ukivuka mto na feni inazunguka, maji yanapinda mapanga kuelekea kwenye rejeta.

Kujaribu ni rahisi. Karatasi mbele ya grili lazima ivutwe na inate. Ikisukumwa, umegeuza waya. Kisha injini ikinguruma na feni zote zikizunguka, pima volti kwenye betri, halafu kwenye taminali za feni yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, rudi kwenye waya. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya feni, nyingine kwenye hasi ya betri: zaidi ya volti 0.2 ni erthi mbovu. Baada ya wiki moja ya kazi, acha feni zizunguke dakika 10 kisha gusa soketi za rilei na kishikio cha fyuzi kwa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Kama kidole kinakimbia, kuna kichwa cha waya kilichobanwa vibaya, na hicho kikate ukibane upya siku hiyohiyo.