Kaka ni msimamizi wa mirathi, je nyumba imekuwa yake?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba alifariki bila wosia, ukoo ukakaa Kibosho tukampitisha kaka mkubwa, mahakama ya mwanzo ikampa usimamizi. Mwaka wa pili huu anakula kodi ya nyumba ya Pasua peke yake, hati inasoma jina lake na tunasikia anatafuta mteja. Mama yupo. Baba mdogo anasema tuandike muhtasari mwingine wa kikao cha ukoo nyumba apewe kitinda mimba. Tufanyeje? (Binti, Moshi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hili la "mahakama imenipa" nalisikia mpaka nimechoka, kuna watu barua ya usimamizi wameipiga laminesheni kabisa utadhani cheti cha ndoa! Alichopewa kaka yako ni kazi: akusanye mali, alipe madeni, agawie warithi, arudi mahakamani kufunga hesabu. Ni kama mweka hazina wa vikoba, funguo za sanduku anazo ila hela za wanachama. Na hiyo hati isomeni mpaka mwisho wa mstari, msajili huwa anamwandika kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, nyie mkaishia kwenye jina.

Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe alitakiwa apeleke Fomu Namba 5 yenye mali na madeni yote, halafu hesabu kwa Fomu Namba 6. Nendeni mahakama ileile muombe kuona faili, sitashangaa mkilikuta tupu. Hapo ombeni aitwe ajieleze, azuiwe kuuza, na ikibidi atenguliwe, kanuni zinaruhusu kabisa. Nyumba ina hati, basi wekeni na zuio kwa msajili wa hati haraka maana mteja akishalipa mtaanza kugombana na mtu wa tatu. Baraza la ardhi msiende, mirathi haijafungwa watawarudisha tu na muda umepotea.

Baba mdogo naye apumzike. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina basi, hakiteui, hakitengui, na nyumba hakigawi. Kitinda mimba kubaki na boma la baba ni mila ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, sasa Pasua ya mjini pamekuwa kihamba lini? Sheria ipi itumike, ya mila, ya Kiislamu au ile ya serikali inayompa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili, mahakama inaangalia marehemu aliishije. Lile tangazo la sheria za mila la 1963 halimpi mjane fungu, ndo maana baba wadogo wanalipenda, ila jasho la mama kwenye nyumba aliyojenga na mzee sio mirathi, ni lake, adai mapema kabla mgao haujaanza.

Wanaonikera zaidi ni vishoka wa nje ya mahakama, huku Moshi na Arusha wapo, wanakuuzia muhtasari wenye mhuri na saini za watu ambao hata kikaoni hawakuwepo, wanakuahidi jina la hati litabadilika fasta. Saini ya kughushi ni jinai, na usimamizi uliopatikana hivyo unaweza kutenguliwa, aliyenunua nyumba anaanza kuhangaika na mawakili. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua kwa msimamizi, omba namba ya faili, nenda masijala mwenyewe ukaangalie warithi ni kina nani na kama wote wanajua nyumba inauzwa. Usimtume dalali.